Kurudisha mng'ao wa rangi ya gari kwa mashine ya polishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Goma

Majibu haya ni ya mwenye gari anayetaka kujua analipia nini, na ya fundi anayeanza kushika mashine. Vipimo vinafaa kwa magari yanayoonekana kila siku mjini: RAV4, Noah, Carina, Prado, mengi yakiwa yameingia nchini yamekwisha kutumika miaka kumi na zaidi.

Kwa nini rangi hufifia haraka Goma?

Mji uko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo ya ikweta. Jua la huku ni kali kuliko joto lake linavyoonyesha, na miale yake ndiyo inayovunjavunja verni, ile tabaka angavu isiyo na rangi inayofunika rangi yenyewe. Paa na kapo (boneti) huanza kufa kwanza kwa sababu hutazama juu siku nzima.

Halafu kuna vumbi. Barabara nyingi za Goma zimepita juu ya lava, ikiwemo ile iliyopasua mji tarehe 17 Januari 2002. Lava ikisagwa na matairi hutoa vumbi jeusi lenye ncha kali linaloweza kukwaruza verni. Moshi wa volkano ya Nyiragongo nao hubeba gesi za salfa. Zikikutana na mvua, tone linaloanguka lina asidi, na likikaushwa na jua juu ya kapo huacha duara lililochimbika.

La nne ni maji. Maji ya ziwa Kivu yana pH karibu 9 na madini mengi yaliyoyeyuka. Gari likioshwa kwa bidoni (madumu) za maji ya ziwani kisha likaachwa lijikaushe, maji huondoka na madini hubaki kama madoa meupe. Ya bomba la mji hayana tofauti kubwa, maana nayo hutoka ziwani.

Pamoja na hayo yote, mharibifu wa kwanza ni kitambaa kikavu. Kijana anayepangusa vumbi la asubuhi ili bosi akute gari linang'aa anakwaruza gari zima kila siku, na anafanya kwa nia njema kabisa.

Nitajuaje kama rangi bado inaweza kurudi?

Osha gari, likaushe, kisha fanya majaribio matatu.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, taratibu, kwa kuukata. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mashine itauondoa au itaufifisha sana. Ukikwama, mkwaruzo ni wa kina. Unaweza kuzibwa kwa rangi ya brashi, lakini usiufuate kwa mashine mpaka chini.

Angalia kingo za sehemu zilizopauka kwenye paa na kapo. Kama kuna mpaka unaoonekana, verni inanyanyuka kama ngozi, au kuna visiwa vyeupe vyenye ukingo unaoshikika kwa kidole, verni imekufa. Hapo hakuna dawa ya polishi. Usidanganyike gari likilowa: verni iliyokufa huonekana nzima ikiwa na maji, ikikauka inarudi vilevile. Fundi anayeahidi kuirudisha kwa mashine anauza maji.

La tatu, tia tone la polishi kwenye kitambaa cheupe na usugue sehemu ndogo iliyojificha, kama chini ya mlango. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, gari halina verni. Rangi yenyewe ndiyo tabaka la juu. Hilo lina maelezo yake hapo chini.

Verni ina unene gani, na mashine inakula kiasi gani?

Gari lililopakwa kiwandani huwa na jumla ya mikroni 90 hadi 150 kutoka kwenye bati mpaka juu, na kati ya hizo verni ni kama 35 hadi 50. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinga ya jua imechanganywa ndani ya verni hiyo, kwa hiyo kuipunguza ni kupunguza na miaka ya gari kukaa juani. Polishi laini yenye sponji laini huondoa karibu mikroni moja. Dawa kali yenye pedi ya sufu inaweza kuondoa tatu au zaidi kwa duru moja ya kazi. Msasa wa maji hula zaidi ya hapo. Kwa uhai wote wa gari, hesabu kwamba una mikroni nane hivi za kutumia. Baada ya hapo verni inaanza kuchakaa juani ndani ya muda mfupi.

Ukiweza kupata kipimo cha unene wa rangi, kitumie kabla ya kuwasha mashine. Pima kila pande mara tano au sita. Namba ya 110 kila mahali ni rangi ya kiwanda. Namba ya 250 ni gari lililopakwa tena. Ikifika 800 au 1,500, chini kuna masitiki, ile lipu ya kujazia mabonyeo. Ikishuka chini ya 80, mtu mwingine alikwisha kupita na mashine. Paka nta tu. Vipimo vya bei nafuu husoma bati na alumini peke yake, kwenye bampa la plastiki havisomi kitu. Na vyote vinasoma jumla: hakuna kati ya hivyo kinachokuambia verni pekee imebaki ngapi.

Ninunue mashine ya aina gani?

Ziko mbili. Rotari inazungusha sponji kwenye mhimili mmoja, kwa mizunguko 600 hadi 3,000 kwa dakika. Inakata haraka, na inachoma haraka vilevile. Obitali inazungusha sponji huku ikiipeleka huku na huku, kwa hiyo joto halikai mahali pamoja. Ukiibana sana inaacha kuzunguka na kubaki inatetemeka tu, na ubishi huo wake ndio unaomwokoa anayejifunza.

Anayeanza achukue obitali yenye mtupo (upana wa kwenda huku na huku) wa milimita 15 na bamba la sentimita 12 hadi 13. Mtupo wa milimita 21 hufanya kazi haraka kwenye kapo na paa lakini unasumbua kwenye milango yenye mikunjo. Rotari iwe ya mkono uliozoea, au ya magari yaliyopauka sana yasiyo na verni.

Sponji ziwe sita angalau: mbili za kukata, mbili za kati, mbili laini. Sponji moja kwa gari zima ni kosa la kawaida sana. Katikati ya kazi inakuwa imejaa dawa iliyokauka na rangi iliyotolewa, na unakwaruza kwa uchafu wako mwenyewe. Vitambaa vya mikrofaiba kumi na viwili, vilivyofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo. Dawa ya kati kwa gari zima la ukubwa wa RAV4 huisha mililita 100 hadi 150. Madukani Birere soma chupa kabla ya kulipa: kama haisemi ni ya kukata, ya kati au ya kumalizia, iache.

Je, mashine ya kukatia chuma inaweza kufungwa sponji?

Hapana. Inazunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika. Verni inaungua kabla hujaondoa mkono.

Umeme ukipungua au ukikatika kila mara, nifanyeje?

Obitali hutumia wati 500 hadi 900, rotari 1,000 hadi 1,400. Jenereta ya kVA 2 inatosha obitali na taa. Kwa rotari ongeza. Waya wa kuongezea uwe na nyuzi za milimita mraba 1.5 kwa meta 25, na 2.5 kwa urefu zaidi. Waya mwembamba uliokunjwa kwenye gurudumu lake unapata moto na kuinyima mashine nguvu, halafu fundi anafikiri mashine ni mbovu. Inveta za bei nafuu zisizotoa mkondo laini hupasha moto kidhibiti cha kasi, usiziamini.

Angalia pia kibandiko cha mashine iliyokuja na mzigo wa kutumika kutoka nje. Ya volti 100 au 110 ikichomekwa kwenye 220 inatoa moshi mara moja na kwa heri.

Gari litayarishwe vipi?

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kufaulu, ingawa wateja wengi hawataki kulipia.

Anza na maji mengi bila kugusa, ili vumbi la lava lianguke lenyewe. Kisha ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni ya gari, moja ya kusuuzia glavu kila baada ya pande moja. Sabuni ya unga ya nguo ni kali kupita kiasi, na chembe zisizoyeyuka zinakwaruza.

Madoa meupe ya maji ya ziwa yasuguliwe kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji: lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja au mbili, suuza vizuri. Usifanye hivyo juani wala kwenye bati la moto. Doa likibaki na unalihisi kwa kidole kama shimo, limekwisha kuchimba verni. Hilo ni la mashine.

Baada ya hapo weka kiganja ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na ukipitishe juu ya rangi safi. Ukihisi vichembe, gari linahitaji udongo wa kusafishia rangi. Kata kipande cha gramu 40 hadi 50, kifinye kiwe bapa, lowesha rangi kwa maji ya sabuni na upitishe bila kukandamiza mpaka kiteleze kimya. Kunja udongo kila unapochafuka. Ukianguka chini, tupa. Mchanga uliouokota hautoki.

Malizia kwa kufunga skochi ya rangi (utepe wa karatasi wa mafundi rangi) kwenye raba za vioo, plastiki nyeusi, nembo, na kingo kali za milango na kapo. Verni kwenye kingo ni nyembamba kuliko popote.

Nipige polishi vipi, hatua kwa hatua?

Kivulini, bati likiwa baridi. Juu ya bati lililo juani dawa hukauka kabla haijafanya kazi. Kama huna kivuli, anza saa kumi na mbili asubuhi na usimame jua likipanda.

Kwanza jaribio. Chagua mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye kapo na uanze na kilicho laini kuliko vyote: sponji laini na polishi ya kumalizia. Kikitosha, gari zima lifanywe hivyo. Kisipotosha, badilisha sponji kwanza, iwe ya kati, na ubakize dawa ileile. Dawa kali ije mwisho. Mafundi wengi huanza na kali kwa sababu matokeo yanaonekana upesi, na gari linalipa gharama.

Sponji mpya ipakwe matone manane na kusambazwa kwa kidole. Baadaye matone matatu au manne, ukubwa wa njegere, kwa kila mraba. Bonyeza sponji juu ya rangi kabla ya kuwasha, la sivyo dawa itarukia ukuta na shati lako. Sambaza kwa kasi namba 1. Panda hadi namba 4 au 5 kwa obitali. Kwa rotari, kati ya mizunguko 1,000 na 1,500.

Sogeza mkono polepole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Pita kulia na kushoto, kisha juu na chini. Hiyo ni duru moja. Duru mbili au tatu zinatosha. Sponji ilale bapa kabisa. Chora mstari wa kalamu kwenye bamba la nyuma: ukiona mstari unazunguka, mashine inafanya kazi, ukisimama, umekandamiza au umeinamisha. Pita za mwisho zifanywe bila kukandamiza, kwa uzito wa mashine peke yake.

Dawa ikigeuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga, simama. Futa kwa mikrofaiba, kisha gusa bati kwa upande wa nyuma wa mkono. Kama huwezi kuuacha hapo, pamepata moto kupita kiasi. Nenda upande mwingine na urudi baadaye. Bampa na vifuniko vya vioo ni plastiki, havisambazi joto kama bati, kwa hiyo duru moja na kasi ya chini.

Safisha sponji kwa brashi kila baada ya mraba mmoja. Ibadilishe baada ya pande mbili.

Kabla ya kusonga, angalia kwa tochi au taa ya simu iliyoinamishwa. Mikwaruzo iliyozunguka taa kama utando wa buibui haionekani kwenye kivuli cha garaji, inaonekana mteja akifika barabarani saa sita mchana.

Kitu gani hukosewa, na kwa nini?

Alama za mawimbi zinazocheza juani hutokana na rotari yenye sufu isiyofuatwa na sponji laini. Zinatoka kwa obitali na polishi ya kumalizia. Hazihitaji kukata tena.

Ukungu mweupe uliobaki baada ya kufuta: sponji ni kali mno kwa rangi hiyo, au umeshika kasi kubwa na dawa imekauka. Shuka ngazi moja.

Vumbi jeupe linaloruka kila upande ni dawa nyingi mno au bati la moto. Kunyunyiza maji kidogo kwenye sponji husaidia, ingawa fundi mzuri hupunguza dawa kwanza.

Kuungua kwenye ukingo, ambako rangi ya msingi au rangi ya kijivu inachungulia, hakurekebishiki kwa mashine. Sehemu hiyo ipakwe upya. Ndiyo maana skochi.

Gari langu ni jeusi na kila ninachofanya kinaacha mikwaruzo.

Nyeusi nyingi za Kijapani zina verni laini. Nyeusi ya Toyota yenye namba ya rangi 202, iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango au ndani ya injini, inajulikana kote kwa hilo: hata mikrofaiba kavu inaiacha na alama. Tumia sponji laini kuliko zote, kasi ya chini, na futa kwa kitambaa kipya bila kusugua. Mercedes na Audi mara nyingi huwa kinyume, ngumu, zinataka sponji ya kukata. Kwa hiyo maelekezo uliyopewa na mwenye Mercedes usiyapeleke kwenye Toyota yako.

Na gari lisilo na verni?

Magari meupe na mekundu ya zamani, na mengi yaliyopakwa upya kwa rangi ya bei nafuu, yana rangi peke yake. Hufifia na kuwa kama chaki, na ndiyo yanayorudi kwa kupendeza kuliko yote, kwa sababu chini ya chaki kuna rangi hai. Sponji itageuka nyeupe au nyekundu. Usiogope, ila isafishe mara mbili zaidi ya kawaida. Vaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta. Rangi hii ni kavu, hunywa mafuta ya polishi, na bila nta itafifia tena ndani ya miezi michache.

Mazutu (dizeli) huangaza gari mara moja. Ubaya wake nini?

Mazutu haifanyi kitu chochote kwa rangi. Inajaza mikwaruzo mafuta, mwanga unaacha kutawanyika, jicho linadanganyika. Kufikia jioni mafuta yamekamata vumbi la lava, na kitambaa cha kesho kinasugua mchanganyiko huo. Pia inavimbisha raba za vioo. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi: yanaila rangi. Dawa ya meno inafaa kwa mkwaruzo mdogo wa urefu wa kidole, siyo kwa gari.

Niliangaziwa gari, baada ya kuosha mara mbili mikwaruzo ikarudi. Nimeibiwa?

Pengine mikwaruzo haikuondoka, ilizibwa kwa mafuta na nta za dawa. Kuna njia ya kukagua kabla ya kulipa: alkoli ya duka la dawa ya asilimia 70, sehemu moja kwa sehemu tatu za maji safi. Nyunyiza, futa, angalia kwa tochi. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kazi halisi. Fundi asiyeogopa chupa hiyo ndiye wa kumrudia.

Gari limepakwa upya. Naweza kulipiga polishi lini?

Verni ya kuchanganya na kikaushio inaweza kuguswa na mashine baada ya saa 24 hadi 48 kwenye nyuzi 20. Usiku wa Goma ni baridi kuliko hivyo, na msimu wa mvua garaji nyingi hazina joto, kwa hiyo subiri wiki moja. Nta na mipako mingine isubiri siku 30 hadi 60, maana kiyeyusho kilichobaki ndani lazima kipate njia ya kutoka.

Taa za mbele zimekuwa za manjano. Mashine hiyohiyo inafaa?

Inafaa. Msasa wa maji namba 1,000, kisha 2,000, kisha 3,000, ukibadilisha mwelekeo kila namba, halafu polishi ya kati kwa kasi ya chini. Lakini msasa umeondoa kinga ya jua ya kiwanda. Bila kuweka verni mpya ya kinga, taa zitakuwa za manjano tena kabla ya mwaka kwisha, na haraka zaidi ya mara ya kwanza.

Nipake nini juu, nta au mpako wa seramiki?

Nta ya asili hudumu wiki nne hadi nane, ya kutengenezwa miezi minne hadi sita. Seramiki hudumu mwaka mmoja hadi mitatu, ila inataka rangi isiyo na mafuta kabisa, na isiguswe na maji kwa saa 12 hadi 24. Bila garaji yenye mlango usijaribu: mvua ya Goma haiombi ruhusa, na tone likikauka juu ya seramiki mbichi linaacha alama itakayotolewa kwa mashine tena. Kwa anayelaza gari nje, nta ya kutengenezwa mara tatu kwa mwaka ni akili zaidi.

Mashine ipite mara ngapi?

Mara moja kwa kina, kisha polishi laini sana kila baada ya miaka miwili au mitatu ikihitajika. Anayekuja kila baada ya miezi mitatu anamaliza verni yake kwa kulipia.

Nioshe vipi baada ya hapo?

Mwagia maji kwanza, lita 20 bila kugusa kitu. Osha kuanzia paa kushuka, magurudumu mwisho na kwa kitambaa chake peke yake. Kausha kwa taulo la mikrofaiba kabla maji hayajakauka yenyewe. Maji ya ziwa hayapaswi kusubiri jua. Siku za vumbi kali usipanguse kavu hata kidogo. Kama gari lazima lionekane safi asubuhi na maji ni bidoni moja tu, osha vioo na taa, acha kilichobaki.